Kwa nini maandishi ya ucheshi kuhusu mkato, nukta na adabu yanatugusa kiasi hiki?

Mwanzisha uzi

Habari za wakati huu, ndugu zangu. Naleta mada ambayo baadhi yenu huenda mkaiona ndogo, lakini mimi nimeifikiria kwa muda mrefu na naiona ina uzito. Inakuwaje kitabu kinachozungumzia mkato, nukta na ritifaa (ile alama iliyo katika "ng'ombe") kinawachekesha watu, kinauzwa kuliko riwaya nyingi, na kinawafanya wasomaji wake wajihisi kama wamekutana na jamaa waliopoteana nao? Na kwa nini waandishi wa aina hiyo, wakishamaliza habari za alama za uandishi, huhamia kwenye adabu, kana kwamba mada hizo mbili ni vyumba viwili vya nyumba moja?

Mfano ninaoujua vizuri ni wa Uingereza. Mwaka 2003 Lynne Truss, mwandishi ambaye kabla ya hapo aliendesha kipindi cha redio ya BBC kuhusu alama za uandishi, alitoa kitabu kiitwacho *Eats, Shoots & Leaves*. Ilipofika Krismasi ya mwaka huo kilikuwa miongoni mwa vitabu vilivyogombewa sana madukani, na mwaka 2004 kikatunukiwa heshima ya Kitabu cha Mwaka katika Tuzo za Vitabu za Uingereza. Jina lake limetokana na kichekesho cha panda anayeingia mkahawani, anakula, anafyatua risasi kisha anaondoka zake, kwa kuwa kitabu cha wanyama kimemweleza hivyo. Aliyekiandika kitabu hicho cha wanyama alikusudia kusema kwamba panda hula machipukizi na majani (kwa Kiingereza "shoots" ni machipukizi au kufyatua risasi, na "leaves" ni majani au kuondoka), lakini mkato mmoja uliopachikwa mahali pasipo pake ukageuza mlo wa mnyama mpole kuwa vitendo vya jambazi.

Kichekesho hicho hakihamishiki moja kwa moja kuja kwetu, ila jambo lenyewe tunalo. Soma sentensi hii: "Mwalimu alisema mwanafunzi hana adabu." Sasa isome hivi: "Mwalimu, alisema mwanafunzi, hana adabu." Maneno ni yale yale na mpangilio ni ule ule, lakini mshtakiwa amebadilika, na kilichombadilisha ni mikato miwili ambayo wengi wetu huichukulia kama mapambo ya ukurasa. Msomaji akiliona hilo hucheka kabla hajafundishwa chochote, na kicheko hicho kimekwisha kumfundisha kanuni ambayo ukurasa mzima wa kitabu cha sarufi ungemchosha kuieleza. Hii naiona kuwa sababu ya kwanza ya mvuto, na ndiyo iliyo wazi zaidi.

Sababu ya pili iko ndani zaidi. Mtu anayeumizwa na alama iliyokosewa kwenye bango huwa anaamini kwamba yuko peke yake. Akilalamika nyumbani anaambiwa anapenda makuu, na akilalamika kazini anaambiwa aache kushughulika na vitu vidogo. Truss hakumwendea mtu huyo kama hakimu. Alimwendea kama mgonjwa mwenzake. Anasimulia alivyosimama nje ya jumba la sinema la Leicester Square, London, akiwa na ritifaa aliyoibandika kwenye kijiti ili aipachike kwenye jina la filamu lililokosa alama hiyo, na anawaita wenye tabia kama yake waungane kwa sababu hawana cha kupoteza ila uwezo wao wa kupima uzito wa mambo. Mwandishi anayeanza kwa kujicheka mwenyewe humpa msomaji ruhusa ya kujali jambo dogo bila kuona haya, na ruhusa hiyo, kwa maoni yangu, ndiyo watu walioinunua.

Sababu ya tatu ndiyo iliyonisukuma kuandika. Katika kitabu hicho Truss ananukuu mwongozo wa uandishi wa gazeti moja la kitaifa la Uingereza, unaosema kwamba alama za uandishi ni uungwana uliobuniwa ili kumsaidia msomaji aelewe habari bila kujikwaa. Kanuni ya sarufi husema hili ni sahihi na lile ni kosa, na ikiishia hapo haimpendezi mtu yeyote aliyekwisha kutoka darasani. Uungwana unahitaji watu wawili. Anayeandika anamfikiria mtu asiyemwona, ambaye hataweza kumuuliza "ulimaanisha nini?", naye anamwekea alama za kumwonyesha mahali pa kupumua, mahali pa kugeuka na mahali pa kusimama. Alama zenyewe zilianza kwa nia hiyo. Aristofane wa Bizanti, mkuu wa maktaba ya Aleksandria zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, aliweka nukta katika vimo vitatu tofauti vya mstari ili anayesoma kwa sauti ajue apumzike kwa muda gani, na wachapaji wa Venice mwishoni mwa karne ya 15, Aldus Manutius akiwa mbele yao, ndio walioiingiza nuktamkato (;) katika kitabu kilichopigwa chapa. Hao wote walikuwa wakimhudumia msomaji.

Ndiyo maana sishangai kwamba mwaka 2005 Truss alitoa kitabu cha pili, *Talk to the Hand*, kinacholalamikia ufedhuli wa siku hizi: watu wasiosema asante wakifunguliwa mlango, na simu za kampuni zinazompa mteja kazi ya kubonyeza namba badala ya kumpa mtu wa kuzungumza naye. Hakubadilisha mada. Aliondoka tu kwenye karatasi na kuingia barabarani.

Karibuni tujadiliane, hasa wale mnaoona kwamba nimeisifu mno fani hii.

Mchangiaji wa kwanza

Mtoa mada, heshima kwako, na umenialika mwenyewe, kwa hiyo sitazunguka. Mimi ni miongoni mwa wanaoona kwamba fani hii ina upande mbaya ambao umeupita haraka. Huko Uingereza ritifaa inayowekwa ovyo kwenye wingi wa nomino imepewa jina la muuza mboga, kwa sababu mifano mingi ya kuchekwa ilichukuliwa kwenye vibao vya bei za ndizi na nyanya. Jiulize anayechekwa ni nani. Ni mtu aliyeamka alfajiri kwenda sokoni, aliyeacha shule mapema, anayeandika kibao chake kwa mkono ili auze matunda yake. Anayecheka ni mtu aliyelipiwa ada. Kama alama za uandishi ni uungwana, basi kumdhihaki muuza mboga mbele ya wasomaji wengi ni utovu wa adabu uliovishwa nguo ya usomi.

Tena wakosoaji wenyewe hawako salama. Louis Menand aliandika katika jarida la *The New Yorker* mwaka 2004 kwamba kosa la kwanza la alama katika kitabu cha Truss liko kwenye ukurasa wa kutabaruku, ambapo kishazi cha maelezo ya ziada hakikutanguliwa na mkato. Ukurasa huohuo unawaenzi wapangaji chapa wa St Petersburg waliogoma mwaka 1905 wakitaka walipwe kwa alama za uandishi kama walivyolipwa kwa herufi, ilhali mgomo unaokumbukwa kwa dai hilo ulianzia Moscow, katika kiwanda cha uchapaji cha Sytin. Mwanaisimu David Crystal naye alitoa kitabu kizima mwaka 2006 kupinga msimamo wa kutovumilia kosa lolote, akieleza kwamba lugha hubadilika na kwamba kuwatisha watu hakuwafanyi waandike vizuri. Mimi niko upande wake. Nimewaona vijana wenye mawazo mazuri wakiacha kuandika hadharani kabisa kwa sababu kila walipoandika mtu alitokea kuwahesabia mikato.

Mwanzisha uzi

Ndugu, hoja yako ni nzito na nakubaliana nawe kuhusu muuza mboga. Kumcheka mtu ambaye hakupata nafasi ya kujifunza hakuna uhusiano wowote na ucheshi ninaousifu. Lakini sikubali kwamba fani nzima inasimama juu ya dhihaka hiyo, na mfano wangu ni mtu ambaye magazeti yalimfanya aonekane kama mkali wa kupindukia.

John Richards, mwandishi wa habari mstaafu wa mji wa Boston katika jimbo la Lincolnshire, alianzisha Chama cha Kulinda Ritifaa mwaka 2001. Chama hicho kiliandaa barua ambayo mtu yeyote angeweza kuitumia kwa mwenye duka au ofisi iliyokosea. Barua hiyo inaanza kwa kusema kwamba inaonekana kuna mashaka kidogo kuhusu matumizi ya alama hii, inaeleza kanuni kwa ufupi, kisha inasisitiza kwamba waandishi wake hawana nia ya kumlaumu mtu, bali wanamkumbusha tu iwapo atapenda kurekebisha. Isome tena uone ilivyojengwa. Aliyeiandika alikuwa na uhakika kwamba yuko sahihi, lakini alimwachia aliyekosea mlango wa kutokea bila kuaibika. Mwaka 2019, akiwa na umri wa miaka 96, Richards alitangaza kukifunga chama hicho akisema kwamba ujinga na uvivu vimeshinda. Maneno hayo ya kukata tamaa ndiyo yaliyosambaa duniani, nayo barua ile ya upole haikuzungumziwa sana.

Mlinganishe na yule mtu wa Bristol aliyetangazwa na BBC mwaka 2017, aliyekuwa akizunguka usiku na kijiti kirefu alichokitengeneza mwenyewe, akibandika na kufuta ritifaa kwenye mabango ya watu bila kuwauliza. Wengi walimshangilia. Mimi sikumshangilia, kwa sababu kibao ni mali ya mwenye duka, na kuligusa jina la biashara ya mtu gizani ni kumnyima nafasi ya kujirekebisha mwenyewe. Watu hawa wawili walijali alama ileile kwa kiwango kilekile. Tofauti yao ni namna walivyomtazama aliyekosea, na hapo ndipo ninapompimia kila mwandishi wa fani hii.

Mchangiaji wa pili

Mimi kazi yangu ni kutafsiri nyaraka za kisheria, na naomba niongeze jambo ambalo bado halijaguswa. Maandishi haya ya ucheshi yanapendwa pia kwa sababu nyuma ya kicheko kuna hofu ya kweli. Kila anayefanya kazi na mikataba anajua kwamba mkato unaweza kumgharimu mtu fedha, au hata uhai.

Kesi inayosimuliwa sana miaka hii ni ya madereva wa kampuni ya maziwa ya Oakhurst, katika jimbo la Maine, Marekani. Sheria ya jimbo ilitaja orodha ya kazi ambazo mfanyakazi wake hatalipwa ziada kwa saa za nyongeza, na mwishoni mwa orodha hiyo ilitaja ufungashaji kwa ajili ya kusafirisha au kusambaza bidhaa. Kabla ya neno "au" hapakuwa na mkato. Madereva walidai kwamba kilichotajwa ni kazi moja tu, yaani kufungasha, iwe ni kwa ajili ya kusafirisha au kwa ajili ya kusambaza. Wao husambaza na hawafungashi, kwa hiyo wanastahili kulipwa. Kampuni ilidai kwamba kusambaza ni kazi nyingine inayojitegemea. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa iliona kwamba maneno yale yana utata, na utata ukawafaa madereva. Mwaka 2018 kampuni ikakubali kulipa dola milioni 5 ili kumaliza shauri. Bunge la jimbo likaiandika upya orodha ile kwa kutumia nuktamkato baada ya kila kazi.

Kesi ya zamani zaidi inamhusu mtu ambaye wasomaji wetu wa Kongo wana sababu ya kumjua. Roger Casement, balozi mdogo wa Uingereza ambaye ripoti yake ya mwaka 1904 ilifichua ukatili waliofanyiwa watu wa Kongo chini ya Mfalme Leopold, alishtakiwa kwa uhaini mwaka 1916 kwa kutafuta msaada wa Wajerumani kwa ajili ya uhuru wa Ireland. Sheria iliyotumika ilikuwa ya mwaka 1351, iliyoandikwa kwa Kifaransa cha zamani. Wakili wake alijenga hoja kwamba maneno ya sheria, yakisomwa inavyopasa, hayamgusi mtu aliyetenda mambo yake nje ya nchi. Ubishi ukafikia mahali pa kuuliza kama kuna alama inayolitenga fungu moja la maneno na jingine, na majaji wakaenda kuitazama hati ya kale kwa macho yao. Hoja ya utetezi ilikataliwa, Casement akanyongwa katika gereza la Pentonville tarehe 3 Agosti 1916, na tangu hapo imekuwa ikisemwa kwamba alinyongwa na mkato.

Nikisoma kitabu cha kuchekesha kuhusu mkato huwa nakumbuka habari kama hizi. Mwandishi mzuri huziweka pamoja na vichekesho, na msomaji anaendelea kufungua kurasa kwa sababu hajui kama ukurasa unaofuata utamletea panda au utamletea kitanzi.

Mchangiaji wa tatu

Shukrani, wakubwa zangu. Mimi nafundisha Kiswahili sekondari, Mombasa, na nilikuwa nikisoma uzi huu nikijiuliza lini mtafika nyumbani.

Kiswahili kinaihitaji alama ya kuuliza kuliko Kiingereza kinavyoihitaji, na hili silioni likisemwa vya kutosha. Mwingereza akitaka kuuliza hugeuza mpangilio wa maneno, kwa hiyo hata akisahau alama, swali linajulikana. Sisi hatugeuzi chochote. "Baba amerudi." "Baba amerudi?" Kinywani sauti ndiyo inayotofautisha, na kwenye maandishi ile alama ndiyo sauti. Sasa fikiria ujumbe wa simu unaosema "umelipa ada ya mtoto" bila alama yoyote. Mzazi hajui kama anaulizwa, anathibitishiwa au anashutumiwa. "Unakuja kesho" bila alama inasomeka kama amri, na mkwe akitumiwa amri hiyo na mtu aliyekusudia kumuuliza kwa heshima, kuna nyumba itakayokosa amani. Hapa alama na adabu zimeshikana kabisa, na huhitaji kwenda London kuliona hilo.

Vilevile ritifaa yetu ina kazi halisi ya matamshi. Ukiiondoa kwenye "ng'ombe" umebadilisha sauti yenyewe. Kwa Waingereza ritifaa huonyesha umiliki au herufi zilizodondoshwa, na wasomaji wao wengi wanaweza kuelewa bila hiyo. Kwetu katika neno kama hilo ni sehemu ya tahajia, na wanafunzi wangu nawaelezea hivyo tangu kidato cha kwanza.

Kuhusu adabu, sisi tuna maandishi ya zamani sana. Mwana Kupona binti Msham alimtungia binti yake utendi mwaka 1858, na mara tu baada ya kumuusia kuishika dini, jambo la pili analomuusia ni adabu na ulimi mwema, ili apendwe popote atakapoingia. Shaaban Robert naye aliwatungia watoto wake tenzi za mawaidha. Lakini hayo ni mausia, na yanasomwa kwa utulivu. Ucheshi wetu kuhusu adabu ulikaa kwingine: kwenye maneno ya khanga, kwenye nyimbo za taarab, kwenye vijembe ambavyo mlengwa anajua analengwa ingawa hakutajwa. Nadhani ndiyo sababu hatukuwahi kuwa na kitabu kama cha Truss. Mtu wetu akitaka kumchekesha mwenzake kuhusu utovu wa adabu hupita kwenye fumbo, na fumbo likielezwa kwa kurasa mia mbili linaacha kuwa fumbo.

Mwanzisha uzi

Mwalimu, umenipa jambo la kulifikiria, na hoja yako ya kijembe inanisaidia kueleza kitu kilichokuwa kikinitatiza. Kitabu cha pili cha Truss, kile cha adabu, nakiona dhaifu kuliko cha kwanza, ingawa hasira iliyomo ni ileile na kalamu ni ileile. Sababu ninayoiona ni kwamba mkato hauna uso. Unaweza kuukasirikia kurasa kumi na hakuna anayeumia, na ukubwa wa hasira ukilinganishwa na udogo wa kitu chenyewe ndio unaochekesha. Ukihamia kwenye adabu, hasira ileile inamwangukia kijana wa kwenye basi au mhudumu wa dukani, mtu mwenye siku yake mbaya na sababu zake ambazo mwandishi hazijui. Hapo ucheshi unageuka kuwa kesi ambayo upande mmoja haukuitwa mahakamani. Kijembe chetu kilikwepa tatizo hilo kwa kutotaja jina, na aliyelengwa akaweza kujirekebisha kimyakimya.

Yuko mwandishi mwingine aliyelikwepa kwa njia yake. Judith Martin, Mmarekani anayejiita Miss Manners, alianza safu yake ya magazeti mwaka 1978 akijibu barua za wasomaji kuhusu adabu. Yeye hujibu kwa lugha rasmi mno, ya upole usiotetereka hata muulizaji awe amejaa ghadhabu, na upole huo wenyewe ndio unaochekesha. Mara nyingi mtu huandika akitaka aruhusiwe kumjibu jirani yake kwa ufedhuli, naye humpa sentensi moja ya adabu kamili ambayo itamnyamazisha jirani vizuri zaidi. Anafundisha adabu kwa kuitenda mbele ya msomaji, na hamhitaji muuza mboga yeyote wa kumcheka.

Kuhusu ujumbe wa simu uliosema "umelipa ada", huko kwa Waingereza na Wamarekani alama nyingine imeleta shida ya aina hiyohiyo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Binghamton, Marekani, walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba jibu fupi la ujumbe wa simu likimaliziwa kwa nukta, wanafunzi waliolisoma waliliona halijatoka moyoni kuliko lilipoachwa bila nukta, ilhali jibu lilelile likiandikwa kwa mkono kwenye karatasi halikuleta tofauti hiyo. Nukta, alama iliyo sahihi kuliko zote, imeanza kusomeka kama kumkunjia mtu uso. Mwandishi wa fani hii anayeandika leo hawezi tena kutetea nukta kwa kanuni peke yake; itabidi ajue anamwandikia nani, ana umri gani, na anasomea wapi.

Mchangiaji wa kwanza, naona hapo utaniambia kwamba nimekwisha kuhamia upande wa Crystal. Kuhusu lugha kubadilika, niko naye. Kuhusu kujali, bado niko na Truss, na nitaendelea kumnunulia kitabu chake cha kwanza kila kijana anayeingia kwenye kazi ya uhariri. Mwalimu, mifano ya wanafunzi wako ya alama ya kuuliza ilete hapa, bila majina yao, ili tuendelee nayo.